Ganzi ya miguu njiani kuelekea Bagamoyo

Leo asubuhi tumeendesha baiskeli kutoka Tegeta kuelekea Bagamoyo, na tulipofika Mapinga jua lilikuwa limeshakuwa kali.

Ganzi ilianzia katika vidole vidogo vya mguu wa kulia, ikasambaa taratibu hadi kwenye unyayo, kisha mguu wa kushoto nao ukafuata.

Tuliposimama Kerege chini ya mwembe, ilinibidi nitazame chini ili nijue kwamba mguu umegusa ardhi.

Hilo lilinishtua kuliko maumivu yoyote niliyowahi kuyapata barabarani: kuona kiatu kimekanyaga mchanga, nami sina habari nacho, kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Nilipolegeza kamba, hisia zilirudi kwa kuchomachoma, tena kwa namna isiyopendeza hata kidogo.

Mwenzangu, mwendeshaji wa miaka mingi, alinieleza kwamba miguu huvimba kwa joto ilhali kiatu hubaki na upana uleule, hivyo mishipa ya fahamu inayopita kati ya mifupa mirefu ya mguu hubanwa kila pedeli inaposukumwa. Akanishauri nisogeze mguu mbele kidogo ili pedeli ikae karibu zaidi na katikati ya unyayo, nitumie gia nyepesi, na nichezeshe vidole njiani. (Ganzi isiyoisha hata baada ya kushuka, alisema, ni ya kupelekwa hospitali.)

Kuelekea Zinga ilirudi mguu wa kulia tu, nayo ilikuwa hafifu.

Ndugu zangu waendesha baiskeli, ninyi mnavaa viatu vya soli ngumu au raba za kawaida?