Bati Ishirini na Nane

Jumatano ya tarehe 24 Aprili 2019, mama mdogo alipiga simu kutoka Ibo akitaka tufungashe tumfuate. Alikuwa amesikia kwamba kimbunga kinakuja Mtwara, na sisi tulikaa Mikindani, nyumba ya tatu kutoka ufukweni.

"Dada, njooni huku kwangu. Huko kwenu mtakufa."

Mama alicheka hadi akakohoa. Tungepita wapi? Ibo ni kisiwa cha Msumbiji, na barabara ya kwenda huko, ukishavuka Ruvuma, inapita Palma na Mocimboa da Praia. Tangu Oktoba 2017 watu wenye mapanga walikuwa wameifanya njia hiyo isipitike na mwenye akili zake. Zamani mama mdogo alipoolewa na Mmwani, mtu wa pwani ile ya Msumbiji, alipelekwa kwa jahazi, na sijui kama mama aliwahi kumsamehe yule shemeji kwa kumchukua mdogo wake mbali namna ile. Lakini kila Ijumaa walipigiana simu. Kimwani na Kiswahili ni majirani, kwa hiyo baada ya miaka yote hiyo mama mdogo alizungumza lugha yake mwenyewe, nusu ya kwetu nusu ya kule, na katikati anachomeka Kireno kama mtu anayetia chumvi.

"Hata watoto walete," alisema. "Nyumba ni kubwa."

Kimbunga chenyewe kiliitwa Kenneth. Kilijikusanya kaskazini ya Madagaska, na usiku wa Jumatano hiyo kilipita karibu na Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza tahadhari kwa Mtwara na Lindi. Gari lenye vipaza sauti lilipita mtaani: waliokaa mabondeni wahame, shule zimefungwa, wavuvi wasiende baharini. Sisi pwani yetu haijazoea mambo haya. Vimbunga havipendi kukaribia ikweta, huko mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuvizungusha, ndiyo maana kwa kawaida huishia kwa wenzetu wa Msumbiji na Madagaska. Wiki sita nyuma tulikuwa tumetazama kimbunga Idai kikiuzamisha mji wa Beira, Msumbiji, tukasikitika, tukabadilisha stesheni.

Mama hakuhofia roho yake. Alihofia paa. Bati zilikuwa ishirini na nane, alizinunua kwa fedha ya chumvi na korosho, tatu mwaka huu, nne mwaka ule, na miaka mingi nyumba yetu ilikuwa nusu bati nusu makuti. Alhamisi alfajiri akampandisha kaka juu. Kaka alipanga mawe ya matumbawe kwenye kila ungio, akaweka viroba vya mchanga pembeni, kisha akapitisha kamba za jarife kutoka upande huu wa nyumba hadi ule, ncha moja kwenye mwembe, nyingine kwenye shina la mnazi. Mama alisimama chini akimwelekeza kwa mwiko wa ugali. "Hiyo ya kona bado inacheza! Igonge!" Kaka akaigonga msumari mwingine, ikapasuka kidogo, na kwa robo saa nzima hatukusikia kuhusu kimbunga, tulisikia kuhusu ile bati.

Babu wa nyumba ya jirani hakuhama. Alituambia mwaka 1952 alikuwa mtoto Lindi, na ile tufani ya Aprili ilipiga kutoka upande mmoja, ikatulia kabisa, watu wakatoka nje kuokota vitu vyao, ndipo ikarudi kutoka upande wa pili. "Ikitulia msitoke," alisema. Hilo tu. Akaingia ndani na mkeka wake.

Sisi tulikwenda kulala shuleni mlimani, na mkungu wa ndizi, na kuku wawili waliofungwa miguu. Darasa lilijaa. Watoto waliona ni sherehe. Watu wazima tulikaa tukitega masikio, kila upepo ukivuma kidogo mtu anasema "ndiyo hicho". Mvua ilinyesha, ya kawaida ya masika. Saa nne usiku. Saa sita. Mtu mmoja akaanza kukoroma, wengine tukacheka, na hofu ikaisha hapo.

Ijumaa ilikuwa sikukuu ya Muungano. Tulishuka asubuhi tukakuta Mikindani ipo palepale, maji ya ghuba yametulia kama mafuta kwenye sufuria. Bati zote ishirini na nane zilikuwepo, mawe juu yake, kamba zimekaza. Mama aliinua mikono akasema alhamdulillahi mara tatu.

Na utani ukaanza. Kenneth kakosa nauli, kaishia Komoro. Kenneth kaogopa wachawi wa Mtwara. Wengine waliwasema watabiri kwamba wametutisha bure, wamefunga maduka ya watu bure. Nilikuwa na kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja, na ule utani wa nauli niliusambaza mimi. Sikuutunga, lakini niliusambaza, na nikaongeza vile vikatuni vinavyocheka machozi.

Mama alikuwa anampigia mdogo wake ampe habari njema. Simu ikapokelewa na yule mwanamke wa kwenye mashine anayesema kwa Kireno. Mama hajui Kireno, lakini alimsikiliza mpaka mwisho. Akapiga tena. Akamsikiliza tena.

Mchana redio ikasema. Kenneth hakikuishia Komoro. Alhamisi jioni, wakati sisi tunapanga mikeka darasani, kilikuwa kimepiga Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji lenye Ibo, kwa upepo wa kilomita 220 kwa saa, kaskazini ya mji wa Pemba, Pemba ya Msumbiji, si ya Zanzibar. Ibo, Matemo, Quissanga, Macomia. Kutoka kwetu hadi Ibo, ungekuwa ndege, haizidi kilomita 250. Nililitafuta lile kundi nifute nilichoandika. Watu kumi na wanne walikuwa wameshakijibu.

Siku zilizofuata mvua haikukatika upande ule. Tulisikia barabara zimekatwa na mafuriko, helikopta za chakula zinashindwa kuruka, kisha Mei ilipoingia, kipindupindu Pemba. Kwamba nyumba tisa katika kila kumi za Ibo zimebomoka au kuezuliwa. Mama aliacha kusikiliza. Kila alfajiri alipiga namba ile, na nadhani ilifika mahali akamzoea yule mwanamke wa Kireno, maana siku moja nilimsikia akimwambia "haya, asante."

Jumatatu, siku ya kuamkia Ramadhani, iliingia simu ya namba tusiyoijua. Mama mdogo. Alikuwa amevuka hadi Pemba kwa mashua ya wavuvi, simu ni ya mtu, akazungumza harakaharaka.

Makuti ya jikoni yaliondoka kwanza, alisema, hata hawakuyasikia. Kisha bati, moja, moja, na kila moja ikitoka inapiga kelele kama mbuzi. Wakakimbilia jumba la mawe la zamani, la wakati wa Wareno, lisilo na paa tangu yeye aolewe. Walikaa kumi na mmoja kwenye kona, wamejifunika tanga la mashua, wamekalia ncha zake lisipeperuke. Shemeji alikuwa anamshika mama yake mzazi kiunoni, bibi kizee mwepesi. Asubuhi walitoka wakaona majani ya miembe yamekuwa mekundu, yamekauka, kana kwamba moto umepita, kumbe ni chumvi ya bahari. Minazi mingi imekatika vichwa. "Sasa makuti tutayatoa wapi, dada?" Mchele uliolowa waliuanika kwenye kaburi la mtu, kwa sababu lilikuwa ndilo sehemu kavu yenye sakafu. Mashua za jirani zilikutwa kwenye mikoko. Lile tanga ndilo paa lao, na chini yake ndipo watafunga.

Mama alikuwa anasema "ee", "ee", "pole mdogo wangu". Simu ilikuwa kwenye spika, mimi na kaka tumesimama mlangoni.

Halafu mama mdogo akavuta pumzi. "Na nyie? Nilikuwa nawaza nyie. Kila mtu alisema ni huko kwenu. Paa lenu je?"

Mama aliinua macho. Kwa ndani unaziona bati zilivyopangwa, misumari yake, ile ya kona yenye ufa mdogo inayopitisha mwanga wa jua kama uzi. Juu yake mawe yalikuwa bado yapo, kaka hakuwa ameyateremsha.

Mama yangu ni mtu ambaye akikosea chenji ya shilingi mia hurudi nayo sokoni. Simjui kwa uongo.

"Mbili ziliondoka," alisema. "Za upande wa baharini."

"Poleni," akasema mama mdogo. "Poleni sana, dada."

Salio la mtu likaisha, simu ikakatika. Mama aliiweka juu ya meza, akatoka, akaenda kuloweka choroko.