Tangi la matumbawe kwa anayeanza: mimi nilianza na maji

Wanaoniuliza kuhusu tangi langu la matumbawe, lile la maji ya bahari ninalofugia matumbawe na samaki nyumbani, wengi wanaanza na taa, taa gani, wati ngapi, rangi gani, na mimi huwa nawarudisha kwenye maji maana huko ndo nilikotumia nguvu zangu na hela zangu za mwanzo na ndo kilichofanya mambo yaende. Tangi ni la lita 200. Nililichagua makusudi badala ya vile vidogo vya mezani, kwasababu maji yakiwa mengi yanabadilika polepole, unapata muda wa kuona na kurekebisha. Kwenye lita 40 samaki akifia nyuma ya jiwe usiku, asubuhi ushachelewa.

Maji ya bomba sikuyagusa kabisa. Yana klorini, kwingine wanatia kloramini ambayo hata ukiyaacha wazi usiku kucha haitoki, yanaweza kuwa na naitreti, fosfeti, silika, na wakati mwingine shaba ya kwenye mabomba, na shaba kidogo tu inaua konokono na kamba, na matumbawe nayo hayaivumilii. Kwahiyo kabla hata ya kununua tangi nilinunua mtambo mdogo wa RO, unaochuja maji kwa kuyasukuma kupita kwenye utando mwembamba sana, wenye kichujio cha resini mwishoni, pamoja na mita ya TDS, inayopima vitu vilivyoyeyuka kwenye maji. Maji yanayotoka mita inatakiwa isome 0. Ikianza kusoma 1, 2, 3 najua resini imechoka, naibadilisha hapohapo sisubiri.

Kuchanganya chumvi kuna utaratibu wake. Maji yanatangulia kwenye pipa, nawasha pampu na hita, alafu ndo natia chumvi kidogo kidogo huku yanazunguka. Ukifanya kinyume, chumvi chini ndo umwagie maji, kalsiamu na kabonati zinakutana zikiwa kali mno zinaganda kuwa unga mweupe chini ya pipa, na unga huo hauyeyuki tena. Kipimo ninachoshika ni gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji yaliyokwisha changanywa, na uzito wake ukilinganisha na maji matupu ni kama mara 1.026 joto likiwa 25°C. Napimia refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda kwenye maji, na nairekebishia kwa maji maalum ya 35, sio maji matupu, maana inaweza kusoma 0 vizuri kabisa na bado ikakudanganya ukifika 35.

Baada ya mawe na mchanga kuingia, nikasubiri bakteria wa kusafisha amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki, waote kwanza. Yaani hapa ndo pa kuwa na subira kwelikweli. Sikuweka samaki wa kuanzishia, nilitia amonia yenyewe mpaka kama mg 2 kwa lita nikaongeza bakteria wa chupa, baadhi wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6. Niliona liko tayari pale nilipotia amonia leo na kesho yake amonia na naitraiti zote zikasoma 0. Na kwenye maji ya bahari amonia sio ya kuchezea, kwasababu pH iko juu, 8.1 mpaka 8.4 hivi, na pH ikiwa juu sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa ile yenye sumu.

Alafu kuna mvuke, kitu ambacho watu hawakipi uzito. Maji yanapopotelea hewani chumvi inabaki, kwahiyo kila siku tangi linazidi kuwa kali. Kwenye lita 200 zikipotea lita 10 bila kurudishiwa, ile 35 inakaribia 37. Kinachopotea ni maji matupu, basi unarudishia maji matupu ya RO, sio ya chumvi. Nikafunga kifaa cha kujaza chenyewe, kina jicho linaloona usawa wa maji ukishuka hata milimita chache na kipampu kinavuta kutoka kwenye ndoo pembeni. Katika vifaa vyote nilivyonavyo hiki nakipenda kuliko hata taa. Ndoo yenyewe naiweka ya wastani tu, sio pipa zima, ili kipampu kikikwama kikiwa kimewaka isiwe maji yote yameishia kwenye tangi na sakafuni.

Skima, kifaa cha kutoa uchafu kwa povu, nayo nilinunua mapema. Inatengeneza vipovu vidogo sana, uchafu wa protini na mafuta unang'ang'ania kwenye vile vipovu unapanda nao mpaka kwenye kikombe cha juu. Ukikifungua hicho kikombe unakuta maji ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, yananuka hasa, na shingo ya kikombe imejipaka utando mweusi unaoteleza. Huo utando nausugua kila baada ya siku chache maana ukizidi povu halipandi tena.

Hita niliweka mbili ndogo badala ya moja kubwa. Moja ikikwama kwenye kuwaka haina nguvu ya kuchemsha tangi zima, moja ikifa nyingine inashikilia, na kipimajoto ni cha pembeni sio kile cha kwenye hita. Nashika 25°C. Pampu za mawimbi mbili, zinatazamana kwa pembeni ili mkondo uvurugike, jumla zinazungusha zaidi ya mara 20 ya ujazo wa tangi kwa saa, maana tumbawe halitembei, hewa na chakula lazima vilifuate na uchafu wake lazima uondolewe. Taa ni LED yenye bluu nyingi, nilianza na mwanga mdogo nikawa naupandisha wiki kwa wiki. Basi, kwenye taa sina la zaidi.

Sasa alkaliniti, yaani kipimo cha akiba ya kabonati kwenye maji, kinachosomwa kwa dKH. Matumbawe yanajenga mifupa kwa kalsiamu na kabonati, ila akiba ya kabonati ni ndogo mno ukilinganisha na kalsiamu. Alkaliniti ikishuka kwa 2.8 dKH, kalsiamu inakuwa imeshuka kama mg 20 tu kwa lita kati ya 420 hivi zilizomo, hata kipimo cha nyumbani kinaweza kisione. Ndo maana alkaliniti naipima mara nyingi kuliko kitu chochote. Unachukua maji kwenye kichupa, unatia rangi, alafu unadondosha dawa ya kipimo tone moja moja huku unatikisa, tone la mwisho rangi inageuka ghafla, pale ndo unasoma. Mimi nakaa 8 dKH, kalsiamu mg 420 kwa lita, magnesiamu mg 1300. Kuna mtu anakaa 9.5 na matumbawe yake mazuri tu, shida ni kupanda na kushuka, leo 7 kesho 10, hapo ndo ncha zinaungua na nyama inabanduka. Nikiongeza naongeza kidogo kidogo kila siku, haizidi 1 dKH kwa siku.

Naitreti na fosfeti sizifukuzi zifike 0. Naitreti mg 5 hivi kwa lita, fosfeti mg 0.05, zinanitosha, matumbawe yanahitaji kula pia, na zikiisha kabisa ndo mnaanza kupambana na dino (dinoflajelati, viumbe vidogo sana vya majini), ule uteute wa kahawia wenye vipovu. Kila wiki nabadilisha asilimia 10 ya maji, yale mapya yawe joto lilelile na chumvi ileile.

Wa kwanza kuingia walikuwa konokono, baadae samaki wawili, baadae matumbawe laini. Zoa, wale wa jamii ya matumbawe wenye vichwa kama maua madogo, ni nzuri kwa anayeanza ila tafadhali sana zishikeni na glavu na miwani, baadhi zina palitoksini ambayo ni sumu kali, na jiwe lenye zoa usilichemshe wala kulisugua kwa maji ya moto, ule mvuke umeshapeleka watu hospitali.

Na umeme ukikatika cha kwanza kuisha kwenye tangi ni hewa, joto linafuata baadae, kwahiyo pembeni ya tangi nina pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, kinunue siku moja na hita.