Nilivyofunga mikanda ya mbio kwenye gari ninaloliendesha kila siku

Kabla sijanunua kitu chochote niliwauliza watu wanaojiita wazoefu, na karibu wote walinijibu kwa kauli moja: nunua mikanda ya pointi nne, yaani inayofungwa kwenye gari mahali panne, toboa sakafu nyuma ya kiti, kaza boliti, na jioni uko barabarani. Ushauri huo ulinikera wakati ule na unanikera zaidi leo, kwa sababu kila kipande chake kina njia yake ya kumuumiza mtu. Gari langu ndilo linalonipeleka kazini, na siku za mapumziko huingia nalo mara mojamoja kwenye uwanja wa mbio. Kwa hiyo niliweka sharti ambalo sikukubali mtu alilegeze: mkanda wa kiwandani wa pointi tatu, wa aina ile ambayo mhandisi Nils Bohlin aliibuni akiwa Volvo mwaka 1959, ungebaki mahali pake ukifanya kazi yake yote, na mikanda ya mbio ingefungwa uwanjani tu.

Wengi hudhani kwamba mkanda unaobana zaidi ni salama zaidi popote pale. Sivyo. Mkanda wa kiwandani umebuniwa kwenda pamoja na kiti, paa na mfuko wa hewa. Humwachia dereva asogee mbele kiasi, na gari likipinduka na paa likabonyea, kiwiliwili chake hupata nafasi ya kuinamia upande. Mikanda ya mbio humshikilia mtu wima, jambo ambalo ni jema akiwa chini ya mabomba ya chuma na helmeti kichwani, na ni baya sana ikiwa paa la bati ndilo kinga yake pekee. Isitoshe, aliyefungwa hivyo hawezi kugeuka vizuri kutazama nyuma ya bega lake kwenye makutano, na katika nchi nyingi mikanda isiyo na idhini ya barabarani, kama ile alama ya E inayotolewa chini ya Kanuni Namba 16 ya Umoja wa Mataifa, haihesabiwi kuwa mikanda mbele ya sheria.

Suala la pointi nne nililimaliza mapema. Mikanda ya mabega inapokazwa, huvuta kifungio cha katikati kwenda juu, na mkanda wa nyonga huiacha mifupa ya nyonga na kupanda tumboni penye nyama laini. Gari likigonga, mwili huteleza chini ya mkanda na nguvu huishia kwenye utumbo na uti wa mgongo. Mikanda inayopita kati ya mapaja, ambayo ndiyo hufanya jumla kuwa tano au sita, ipo ili kukishikilia kifungio chini. Ipo mikanda ya pointi nne iliyobuniwa kwa akili, kama ile ya kampuni ya Schroth ambayo mkanda wake mmoja wa bega una sehemu inayorefuka wakati wa mgongano na kuugeuza mwili kidogo ili usiteleze, lakini hiyo siyo niliyokuwa nikishauriwa kununua. Nilichukua ya pointi sita.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye pembe ya mikanda ya mabega, na hapo ndipo ninapojivunia. Mikanda hiyo ikishuka kwa ukali hadi sakafuni, mgongano huyavuta mabega kwenda chini na kuzibana pingili za mgongo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataka mteremko usizidi digrii 45 kuanzia ukingo wa juu wa kiti, na zinapendekeza usizidi digrii 10. Sikutaka kukisia, na sikutaka kutoboa bati kwanza ndipo nijue. Nililisimamisha gari mahali palipo sawa, nikahakikisha kwa pimamaji, nikakaa kitini kama ninavyokaa siku zote nikiwa na helmeti, kisha kaka yangu akanyoosha kamba kutoka begani kwangu hadi kila mahali palipotajwa na wale washauri.

Kipimo chetu kilikuwa kipimapembe cha plastiki cha mwanafunzi, nilichokitoboa tundu katikati ya ukingo wake ulionyooka na kuning'iniza uzi wenye nati ndogo, ukawa timazi. Ukingo ule ukilazwa kwenye kamba iliyokazwa, na kamba ikiwa sawasawa, uzi huangukia digrii 90. Kila digrii unayosogea kutoka hapo ndiyo mteremko wa mkanda. Sakafu ya nyuma ya kiti, ile iliyosifiwa na kila mtu, ilitoa mteremko uliopita digrii 60. Matundu ya mikanda ya abiria wa nyuma, ambayo nilikuwa nimeyawekea matumaini kwa kuwa yana nguvu ya kiwandani na hayahitaji kutobolewa, yalitoa zaidi kidogo ya 30: ndani ya kikomo, mbali na pendekezo, na utepe wa mkanda ungelazimika kusafiri mbali juu ya kiti cha nyuma, ilhali kadiri utepe unavyokuwa mrefu ndivyo unavyorefuka zaidi wakati wa mgongano. Mshauri mmoja aliyekuwa ameapa kwamba sakafu inafaa nilimwita aje ajionee. Alikitazama kipimapembe kwa muda, akasema kimeharibika.

Ikabaki kutafuta mahali pa juu, yaani bomba linalovuka gari kwa upana nyuma ya viti vya mbele, chini kidogo ya usawa wa mabega. Fundi wa kwanza alinionyesha bomba la maji lililokuwa limeegemea ukuta wa gereji yake, akalikanyaga ili nione kwamba halipindi. Nilimwomba tupige hesabu pamoja: mwili wa kilo 75 ukisimamishwa kwa nguvu ya mara 20 ya mvutano wa dunia huivuta mikanda kama mzigo wa tani moja na nusu, na sehemu ya mzigo huo huangukia kwenye bomba, mbali na ncha zake zilizoshikwa, mahali ambapo hupinda kwa urahisi. Yeye alikuwa amelikanyaga kwa mguu mmoja. FIA hutaka bomba la namna hiyo liwe la chuma kisicho na mshono, lililovutwa kwa baridi, lenye kipenyo cha milimita 38 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 40 na unene wa 2. Nilinunua upinde kamili wa mabomba, ule wa kumkinga dereva gari likipinduka, uliotengenezwa kwa ajili ya muundo wa gari langu, wenye bomba la kuvuka ndani yake, unaofungwa kwa boliti. Uligharimu zaidi ya mikanda na kiti vikijumlishwa, na ulinichukulia kiti cha nyuma, kwa hiyo gari sasa ni la watu wawili. Sehemu zote ambazo kichwa kinaweza kuzifikia nilizifunika kwa sponji ngumu ya mbio, kwa sababu barabarani sivai helmeti na chuma kitupu karibu na fuvu ni hatari ya kila siku.

Kiti kilihitaji uangalifu ambao hakuna aliyenidokezea. Kiti cha kawaida hakina matundu ya kupitishia mikanda, hivyo mikanda huteleza kwenye mabega, na sponji yake hubonyea na kuilegeza. Lakini viti vingi vya mbio vina kingo ndefu ubavuni ambazo huuinua mkanda wa kiwandani usikae kwenye nyonga, na hapo mtu anakuwa ameharibu usalama wa siku zote kwa ajili ya siku chache za uwanjani. Nilizunguka sana hadi nikapata chenye matundu ya mabega na kingo fupi, na kabla ya kulipa nilikaa juu yake nikiwa na kipande cha mkanda wa zamani ili kuona unavyolala. Gari langu halina mfuko wa hewa ndani ya kiti. Aliye nao asing'oe kiti chake kwa furaha. Kifungio cha kiwandani chenye kikaza mkanda cha baruti nilikihamishia kwenye kiti kipya, baada ya kung'oa waya za betri na kusubiri, kwa kuwa soketi za rangi ya njano, zile za vifaa vya baruti, si za kuchezea.

Mikanda ya nyonga na ya mapaja hufungwa kwenye mwili wa gari, kamwe si kwenye kiti wala vishikizo vyake. Kila tundu jipya nililiwekea chini yake bamba la chuma la sentimita za mraba 40 na unene wa milimita 3, ambacho ndicho kiwango cha chini cha FIA, na boliti za jicho za inchi 7/16 zenye nyuzi za UNF, yaani nyuzi za kubanana za vipimo vya inchi. Kabla ya kutoboa ni lazima mtu alale chini ya gari aone mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi. Rangi ya kuzuia kutu nilipaka kabla bamba halijakaa.

Sehemu iliyonipa raha zaidi kuikagua ilikuwa kile kishikizo kidogo chenye vijiti vitatu kinachofunga utepe kwenye bomba. Fundi wa pili, mtu makini katika mengine yote, aliupitisha utepe mara moja tu na kuniambia hauwezi kutoka. Niliketi sakafuni mwa gari, nikaweka miguu yote miwili kwenye upinde, nikavuta kwa mikupuo. Utepe ukaanza kutoka taratibu, sentimita kwa sentimita, mbele ya macho yake. Mkia wa utepe lazima urudi kupita kishikizo mara ya pili ili utepe ujibane wenyewe, kishikizo kikae karibu kabisa na bomba, na mkia ubaki angalau sentimita 10. Ulipopitishwa hivyo nilivuta hadi mgongo wangu ndio ukalalamika.

Shingo nayo ina hesabu yake. Mabega yakishikwa, kichwa na helmeti huendelea mbele peke yake, na shingo hubeba yote. Dale Earnhardt, dereva wa mbio wa Marekani, alikufa kwa kuvunjika sehemu ya chini ya fuvu huko Daytona tarehe 18 Februari 2001, na mwaka huohuo NASCAR, waendeshaji wa mashindano hayo, ikalazimisha vizuizi vya kichwa. Formula 1 ikafuata mwaka 2003 na HANS, kifaa kinachokaa mabegani chini ya mikanda na kuishikilia helmeti kwa kamba. Kifaa hicho kilibuniwa na profesa Robert Hubbard pamoja na shemeji yake, dereva Jim Downing. Nilinunua changu kilichotumika, kwa karibu nusu ya bei, lakini kamba zake za kichwa nikaweka mpya.

Sasa nikifika uwanjani naning'iniza kulabu, naziwekea pini, nakaza mkanda wa nyonga kwanza ukiwa chini kabisa juu ya mifupa, na mabega mwisho. Nikimaliza naifungua yote na kuitia kwenye begi, kwa sababu jua huuchosha utepe, na lebo ya FIA yenye mwaka wa mwisho wa matumizi haiongezi mwaka hata kama mikanda bado inang'aa.

Upande wa abiria nimeacha kila kitu kama kilivyokuwa. Anayetaka kukaa nami uwanjani namwambia arudishe kiti nyuma, avute mkanda wa kawaida kwa ghafla hadi ujifunge, aushikilie hivyohivyo, kisha asogeze kiti mbele. Hubanwa sawasawa, hakuna bati linalotobolewa, na haigharimu chochote. Wale washauri wangu hawakuwahi kuitaja mbinu hii hata siku moja.