Nilivyoikata mibuni ya babu

Kihamba chetu, yaani shamba la ukoo lililozunguka nyumba, kiko Kilema, miteremko ya Kilimanjaro, ambako wamisionari Wakatoliki walianza kuotesha kahawa mwishoni mwa karne ya 19. Mibuni aliipanda babu, enzi ambazo ukisema kahawa umesema KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa 1933. Baba alisomeshwa na mibuni hiyo.

Niliporudi nyumbani kutoka Dar nilikuta imerefuka hadi kwenye majani ya migomba, inazaa nchani tu. Mama alikuwa anavuta matawi kwa upembo, shingo inamuuma. Msimu mzima tulipata madebe ya kuhesabu kwa vidole. Bwana shamba akaniambia nisiing'oe. Nisubiri mavuno yaishe, niikate kabla ya masika, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yasituame, ichipue upya.

Baba hakutaka hata kusikia. Basi alipokwenda msibani Rombo, nikachukua msumeno nikakata kumi na moja. Aliporudi alizunguka shambani, akala kimya, akalala. Mama akaniambia, "Hapo umemkata baba yake."

Asubuhi nilichuma jani la isale nikampelekea kwa mikono miwili. Kwetu isale ndiyo mipaka ya vihamba, na ndiyo ya kuombea msamaha. Ukiletewa, kukataa ni vigumu. Akalishika muda mrefu. "Mstari mmoja kata, mmoja acha. Ukininyima kahawa yote, utanilipa wewe."

Nilidhani ni ukaidi wa mzee, kumbe ndiyo akili. Mbuni uliokatwa haukupi kitu karibu miaka miwili, na bila ile mistari aliyoiacha tusingekuwa na hela hata ya dawa.

Kukata ni kazi ya siku chache. Shughuli ni machipukizi. Kisiki kimoja kinatoa utitiri, na unatakiwa kubakiza mawili au matatu yenye nguvu, yaliyoachana, mengine uyang'oe kwa vidole yakiwa bado laini. Mwaka wa kwanza nilibakiza matano kwa tamaa, yakawa membamba kama fito. Mama alipanda maharage katikati, maana jua sasa linafika chini, na samadi ya zizini tukaimwagia visiki vyote. Ila kukata hakutibu chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Hii ni mibuni ya aina ya zamani, isiyoustahimili, kwa hiyo dawa ya kopa (shaba) bado tunapiga.

Msimu wa tatu tulichuma tumesimama, matunda yako usawa wa kifua. Januari iliyofuata nikamkuta baba na msumeno kwenye mistari yake. Sikusema neno, nikashika tawi ili akate.

Alibakiza mbuni mmoja, ule wa kando ya kaburi la babu. Huo mama bado anauvuna kwa upembo.