Kumbukumbu ya mradi wangu: siku 30 za kitenzi “borrow”

Tarehe 3 Machi

Mimi ni mtunza stoo katika karakana ya useremala. Kwa miezi mitatu tunaye mkufunzi mgeni kutoka Uskoti, na kwa sababu hiyo daftari la vifaa linaandikwa kwa Kiingereza. Wiki iliyopita niliandika humo: “The carpenter borrowed the trainer two chisels.” Nilikusudia kusema kwamba fundi wetu mkongwe amemwazima mkufunzi patasi mbili, tena patasi zake mwenyewe. Mkaguzi wa vifaa aliposoma mstari huo alielewa kwamba fundi ndiye aliyechukua patasi za stoo na hajazirudisha, akamdai mbele ya wanafunzi. Jioni mzee alinijia na kuniambia kwa upole, “Mwanangu, mimi nilitoa, sikuchukua.”

Maneno hayo yaliniuma. Nimeamua kwamba kwa siku 30 nitaandika kila siku sentensi tano zenye kitenzi “borrow”, zote kuhusu mambo yaliyotokea kweli siku hiyo, na nitamwomba mkufunzi azisahihishe kila Ijumaa.

Tarehe 7 Machi

Masahihisho ya kwanza: kati ya sentensi 25, kumi na moja zina kosa, na kosa ni lile lile. Nimekaa nalo usiku kucha nikitafuta linakotoka, na naamini nimelipata katika Kiswahili changu mwenyewe.

Kitenzi chetu “kuazima” kinabeba pande zote mbili za jambo. Nikisema “Nimeazima msumeno kwa Juma,” mimi ndiye niliyepokea. Nikisema “Juma ameniazima msumeno,” Juma ndiye aliyetoa, lakini kitenzi hakikubadilika. Kilichogeuza mwelekeo ni kile kiambishi kidogo “-ni-” kinachomtaja mpokeaji ndani ya kitenzi. Sisi hatuhitaji kitenzi cha pili, kwa kuwa kiambishi kinatosha. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kazi imegawanywa kati ya vitenzi viwili: “borrow” ni cha anayepokea peke yake, na “lend” ni cha anayetoa peke yake. Niliposema “Borrow me your saw,” nilikuwa nimechukua “niazime” nikaivisha maneno ya Kiingereza, nikidhani kwamba “me” itafanya kazi ya “-ni-”. Haifanyi. Baada ya “borrow” hufuata kitu kinachoazimwa, na mtu aliyekitoa huja baadaye akitanguliwa na “from”: “I borrowed a saw from Juma.” Upande wa pili husemwa “Juma lent me a saw,” au “Juma lent a saw to me.”

Kwa hiyo mstari ule wa daftari ulipaswa kuwa: “The carpenter lent the trainer two chisels,” au “The trainer borrowed two chisels from the carpenter.” Nimeuandika upya mara kumi, kwa namna zote mbili.

Tarehe 12 Machi

Nimegundua kwamba ninapoomba kitu ndipo ninapoteleza zaidi. Sisi tunaomba kwa kuanzia kwenye tendo la mwenzetu: “Naomba uniazime bisibisi.” Mkufunzi karibu kila mara huanzia kwenye tendo lake mwenyewe: “Could I borrow your screwdriver?” Ombi ni lile lile na heshima ni ile ile, lakini mtendaji amebadilika. Tangu nilipoliona hilo, kabla ya kuomba najiuliza kwanza: ni nani atakayekuwa mbele ya kitenzi? Nikiwa mimi, nasema “borrow”. Akiwa yeye, nasema “Could you lend me”. Wiki hii makosa yamebaki matatu.

Tarehe 17 Machi

Leo kosa ni jipya kabisa. Niliandika: “I borrowed two kilos of sugar from the shop.” Mkufunzi aliuliza kama mwenye duka ni jirani yangu na kama nitamrudishia sukari. Nilikuwa nimekusudia kwamba nimekopa sukari, yaani nimeichukua leo na fedha nitalipa mwisho wa mwezi. Kiingereza husema “I bought two kilos of sugar on credit,” kwa sababu hapo ni ununuzi, na kinachocheleweshwa ni malipo tu.

Hapa Kiswahili kinapambanua vizuri, na ninajivunia jambo hilo. Aghalabu tunaazima kitu ambacho tutakirudisha chenyewe, kama nyundo au kitabu, na tunakopa kitu ambacho tutarudisha thamani yake, kama fedha. “Borrow” hubeba vyote viwili, nyundo ya jirani na mkopo wa benki, mradi mpokeaji awe ndiye mtendaji. Bidhaa za dukani ndizo zisizomo.

Tarehe 20 Machi

“I have borrowed his plane since Monday” imekatwa kwa kalamu nyekundu. “Borrow” hutaja ule wakati wa kuchukua, wala si siku ambazo randa imekaa kwangu. Sahihi ni “I have had his plane since Monday.”

Tarehe 25 Machi

Nimesoma asili ya neno. “Borrow” linatokana na Kiingereza cha kale, “borgian”, lenye undugu na “borg”, yaani dhamana: aliyechukua kitu aliacha ahadi au rehani. Tangu nilijue hilo, mwelekeo wa kitenzi umenikaa kichwani, kwa maana anayeweka dhamana ni yule anayepokea. Nimefurahi pia kujua kwamba kitenzi cha Kijerumani “leihen” hutumika kwa pande zote mbili kama “kuazima” chetu, kwa hiyo si sisi peke yetu tunaotoka kwenye kitenzi kimoja kwenda kwenye viwili.

Tarehe 1 Aprili

Siku ya 30. Sentensi 25 za mwisho hazina kosa la mwelekeo. Moja ilikosewa kwa sababu niliandika “lended” badala ya “lent”.

Nimechora upya safu za daftari. Za Kiingereza sasa zinasomeka “Borrowed by” na “Borrowed from”. Katika tafsiri ya Kiswahili iliyo chini yake nimeiondoa safu ya zamani, “Aliyeazima”, kwa kuwa nimetambua kwamba hata kwetu neno hilo peke yake haliwezi kumwambia mkaguzi kama mtu alitoa au alichukua. Nimeandika “Aliyechukua” na “Aliyetoa”.

Mchana fundi mkongwe alikuja kuchukua msumeno mmoja wa stoo. Nikaandika: “The carpenter borrowed one saw from the store.” Nikamwonyesha jina lake chini ya “Aliyechukua”. Alivaa miwani, akausoma mstari wote kwa utulivu, kisha akatia saini.