Dirisha la Paa la Turubali: Kutoka Leicester hadi Mwanakwerekwe

Magari ya Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, yaliyoanza kuuzwa mwaka 1989 na ambayo Japani yalijulikana kwa jina la Eunos Roadster, yana paa la turubali linalokunjwa kwa mkono, na dirisha la nyuma la paa hilo si kioo bali ni plastiki laini inayoonyesha, iliyofungwa kwa zipu. Toleo la pili, lililofuata mwaka 1998, lilipewa kioo halisi, na mwenye gari hilo hana haja ya kuyasoma haya. Langu ni la toleo la kwanza. Nililinunua Leicester, Uingereza, kwa bei ambayo jamaa zangu wa Unguja hawaiamini hadi leo, kwa kuwa Waingereza wengi hulikimbia gari la wazi pindi majira ya baridi yanapokaribia.

Plastiki yenyewe ni ile iitwayo PVC, iliyochanganywa na kemikali za kuilainisha. Jua huigeuza rangi ikawa ya manjano, na kadiri miaka inavyopita kemikali zile hutoka kidogo kidogo hadi plastiki ikakauka. Ikishafika hapo, baridi huimalizia, maana PVC hukakamaa kadiri inavyopoa, na mtu akilikunja paa asubuhi ya Januari bila ya kuifungua zipu kwanza na kulilaza dirisha, plastiki hujipinda mahali pamoja na kukatika papo hapo. Dirisha langu lilinijia na mikunjo iliyoachwa na mwenye gari wa kabla yangu, na mmojawapo ukapasuka wakati wa baridi, kutoka pembeni hadi karibu na katikati.

Gereji niliyoiendea ilinitajia bei ya paa zima, turubali pamoja na dirisha na ufundi, jumla iliyokaribia nusu ya thamani ya gari. Siwalaumu, kwani kule saa ya fundi ni ghali kuliko kitambaa, na kukaa kufumua mshono wa zamani ili kushona mpya ni kazi isiyowalipa. Hata hivyo, turubali langu lilikuwa zima, halina tundu wala halijapauka, na sikuona sababu ya kulitupa kwa kosa la dirisha. Kwa kuwa safari ya kurudi nyumbani ilikuwa karibu, niliamua kukifungua kipande cha dirisha na kwenda nacho Unguja.

Kukifungua si kazi ngumu. Unaliondoa zulia la nyuma ya viti, unafungua kwa spana namba kumi nati zinazobana vibati vya chuma kwenye bodi, kisha unaivuta zipu hadi mwisho. Chini ya vibati hivyo umo mfereji mwembamba unaopokea maji ya mvua kutoka kwenye paa na kuyapeleka kwenye tundu la kila upande, ili yatoke chini ya gari mbele ya magurudumu ya nyuma. Matundu haya huziba kwa majani na vumbi, maji yakatuama ndani ya bodi chini ya milango, na kutu ya hapo ndiyo iliyoyaua mengi ya magari haya kuliko ubovu wa injini. Aliyekwisha kufungua mpaka hapo na asiyasafishe amejinyima faida kubwa kuliko dirisha lenyewe.

Plastiki mpya niliinunua Uingereza kwa muuza vifaa vya mashua, yenye unene wa karibu milimita moja, nami nikaiviringisha pamoja na kipande cha zamani, kwa sababu plastiki ya namna hii haikunjwi safarini hata kidogo. Ile nailoni ya kutandika mezani inayouzwa Darajani haifai, kwani ni nyembamba na ina mawimbi, na usiku taa za gari la nyuma huonekana kwenye kioo cha ndani cha kutazamia nyuma zikiwa zimetawanyika. Inayofaa ni ile iliyokandamizwa kiwandani kati ya sahani za chuma zilizong'arishwa, ndiyo maana huwa nyoofu.

Fundi niliyeelekezwa yuko Mwanakwerekwe, ni mtu mzima anayeshona viti vya magari na maturubali ya boti za watalii za Nungwi na Kizimkazi. Alikigeuza geuza kipande changu kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, hilo jua la huko lina ukali gani hata lipasue plastiki nzito namna hii?"

"Si jua, mzee wangu, ni baridi."

Hakuonekana kuridhika, lakini aliianza kazi. Ilikuwa Februari, kaskazi imepamba moto, naye akaitandaza plastiki juani juu ya shuka hadi ikalegea na kulala sawasawa. Uzi wa zamani aliukata kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, ili kitambaa cha ukingoni kibaki salama. Hakutumia pini hata moja, kwa kuwa tundu la pini kwenye plastiki halizibi tena, bali alibana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Urefu wa mshono aliuongeza makusudi, maana mishono ya karibu karibu huitoboa plastiki kama ukingo wa stempu, ikachanika siku ya kwanza ya kuvutwa. Mguu wa cherehani ulipoanza kunata, alipitisha ukanda wa gazeti juu ya plastiki, akashona pamoja nao, halafu akauchana. Alianzia katikati ya ukingo wa juu kuelekea pembe moja, akarudi katikati kuelekea ya pili, ili ulegevu wowote ugawanyike. Uzi ulikuwa wa poliesta, kwani wa pamba huoza.

Tulibishana juu ya zipu tu. Yeye alitaka kuweka mpya, lakini nusu ya pili ya zipu ilikuwa Leicester imeshonewa kwenye paa, na meno ya zipu mbili tofauti hayaumani. Basi akaisugua ile ya zamani kwa mswaki na kuipaka nta ya mshumaa. Malipo yake, pamoja na bakhshishi, hayakufikia gharama ya kujaza tangi la mafuta kule.

Niliporudi, nilikiweka kipande chumbani chenye joto kabla ya kukifunga. Nilianza na zipu, nikazishika nati kwa vidole kuanzia katikati, ndipo nikazikaza, na paa nikaliacha limefungwa siku kadhaa ili plastiki ijinyooshe.

Dirisha hili huoshwa kwa maji na sabuni laini, wala haligusani na spiriti. Aliye na gari kama hili Unguja hana haja ya kuiogopa baridi, ila chumvi na mchanga wa pwani, hivyo alimwagie maji kwanza kabla ya kulipitishia kitambaa, na akilikunja paa aweke taulo juu ya plastiki.

Yule fundi alivipima kwa macho vipande vilivyobakia, akaniomba nimpelekee plastiki ya aina ile kwa ajili ya mapazia ya boti, nami nimekwisha kuinunua na itapanda kwenye kontena la jamaa litakaloondoka baada ya Ramadhani.