Mwanza mpaka Bukoba kwa ndege, ni dakika ngapi hasa?

Shemeji yangu wa Dodoma kanipigia juzi, anakuja Mwanza af anataka kuunganisha Bukoba siku hiyohiyo, anasema shem nimeangalia kwenye simu ni kilomita 175 tu, si robo saa hiyo? Nilicheka mpaka wateja wakageuka.

Hizo 175 ni za kweli ila ni za rula, yaani unaitoa uwanja wa Mwanza kule Ilemela unainyoosha mpaka Bukoba, karibu yote ni maji. Barabara haina ujanja huo, lazima ilizunguke ziwa: Usagara, Busisi, Sengerema, Geita, Bwanga, Biharamulo, Muleba, mpaka ufike umeshapiga zaidi ya kilomita 400. Na zamani hapo Kigongo, ng'ambo ya Busisi, ulikuwa unasubiri kivuko, siku nyingine foleni inakula saa zako wee unanunua mahindi ya kuchoma unamaliza unanunua tena. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji unavuka kwa dakika chache tu, wa mabasi tumepumua.

Sasa robo saa inatoka wapi? Ukichukua 175 ukagawa kwa mwendo wa jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, unapata dakika 13. Lakini Bukoba lami yake ni fupi, kilomita moja na nusu hivi, iko ziwani kabisa, kwa hiyo huko zinaenda pangaboi, zile ndege za mapanga yanayozunguka, na pangaboi ikichanganya ni kilomita 500 na kitu. Na safari yenyewe fupi, hata haijachanganya vizuri inaanza kushuka, mwendo ule mkubwa unaupata katikati hapo kidogo tu. Kwa hiyo hewani hesabu nusu saa na ushee, ratiba huwa zinaandika kama dakika 45 maana wanahesabu na kule kutambaa chini. Kaa dirisha la kushoto, mawingu yakikaa pembeni utaviona visiwa vya Muleba.

Ila shem hajaniuliza kuhusu hali ya hewa, na hapo ndo penyewe. Mimi mwaka fulani nilikuwa nakwenda kwa mama mkubwa, tumefika juu ya Bukoba ukungu umetanda, rubani kazunguka, kazunguka tena, akatangaza tunarudi Mwanza. Saa nzima na zaidi hewani af nashukia nilikopandia, boda aliyenileta bado yupo getini, ananiuliza bro umesahau kitu? Sikumlaumu rubani hata kidogo, baada ya ile ajali ya Novemba 2022 iliyoondoka na watu 19 palepale ziwani, rubani akisema turudi mi nafunga mkanda nanyamaza.

Siku ile nikaishia kupanda meli jioni. Unalala, inapita Kemondo, asubuhi uko Bukoba, na mzigo wako wote upo, ndege ukiwa na begi la ziada watakupimia mpaka roho.

Nikamwambia shem, kata ndege ya asubuhi kama ipo, ya jioni ikirudishwa huna pa kusogea, giza linaingia. Kajibu sawa, ila anataka kujua kama kwenye ndege wanaruhusu senene, maana shemeji mkubwa keshamwekea ndoo nzima.